Kikosi cha 26: Ndege za Vita Kando ya Milima ya Upare

Msafiri anayetoka Moshi kwenda Same, akishaiacha njia panda ya Himo, hufika Kifaru pale milima ya Upare inapoanza kujitokeza. Kushoto kwake ni Ugweno. Kulia ni tambarare kavu inayoteremka kuelekea Mto Ruvu, na ukanda huohuo ndio unaopitiwa na reli ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hapa palikuwa njia ya majeshi. Askari wa Kijerumani walikuwa wakirudi nyuma kwa kufuata reli, waking'oa vyuma na kulipua madaraja. Waliowafuata walikuwa Wahindi, Waingereza, Waafrika Kusini na askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Na asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, juu ya wote hao zilipita ndege chache za mbao na kitambaa.

Ndege hizo zilikuwa za Kikosi cha 26 cha Jeshi la Ndege la Kifalme la Uingereza, kilichojulikana pia kama kikosi cha Afrika Kusini. Kilikaa Afrika Mashariki miaka miwili. Kambi yake ya kwanza, iliyokifunza kuishi na joto la nchi hii, ilikuwa Mbuyuni, ng'ambo ya milima, kwenye nyika iliyo kati ya Maktau na Taveta. Kutoka Mbuyuni mpaka Kifaru haikuwa safari ya kufika saa moja kwa ndege za siku zile.

Vitabu vinapokitaja kikosi hiki husimulia habari za marubani, na marubani wanastahili kusimuliwa. Lakini rubani alikuwa angani saa mbili au tatu, na si kila siku. Saa zilizobaki zote uwanja uliendeshwa na watu wa chini: wachota maji, wapishi, mafundi wa injini, washona turubai, wafyeka vichaka, na wapagazi waliobeba petroli kichwani. Bila wao hakuna ndege ambayo ingeinuka Mbuyuni. Historia ya kikosi inayowaacha nje ni nusu ya historia.

Chimbuko la kikosi lilikuwa Kimberley, Afrika Kusini, ambako mwaka 1913 Paul Compton Paterson alifungua shule ya urubani. Serikali ilichagua vijana wachache wakasome pale, na sita kati yao wakawa maofisa wa kwanza wa urushaji wa nchi hiyo. Mmoja wao aliitwa Kenneth van der Spuy. Mwaka 1915 walirusha ndege katika vita vya Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo. Vita hivyo vilipokwisha walikwenda Uingereza, na Oktoba 1915, huko Netheravon, likaundwa jeshi dogo jipya kutokana nao: Kikosi cha 26, chini ya Meja G. P. Wallace. Desemba wakapanda meli. Tarehe 31 Januari 1916 waliteremka Mombasa.

Hawakuwa wa kwanza kurusha ndege za vita katika pwani hii. Mwaka mmoja kabla, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na jeshi la majini la Uingereza likajaribu kuitafuta kwa ndege. Kwanza zilikuja ndege za majini. Joto liliyeyusha gundi, mbao zikapinda, injini zikakosa nguvu ya kupanda juu. Baadaye waliweka uwanja katika kisiwa cha Mafia, na kutoka hapo, Julai 1915, ndege ziliruka kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey mpaka Königsberg ikamalizwa tarehe 11. Baada ya hapo ndege za wanamaji zilihamishiwa Maktau, karibu na mpaka wa Wajerumani. Kwa hiyo Wallace na watu wake walipofika, somo lilikuwa limekwisha kutolewa: adui wa kwanza wa ndege katika nchi hii ni hali ya hewa.

Wajerumani wenyewe walikuwa na ndege moja tu, iliyoletwa Dar es Salaam na Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho ya Agosti 1914. Iliharibika mapema, ikawa haina kazi ya maana vitani. Anga ya Upare, basi, ilikuwa ya upande mmoja.

Mbuyuni ilikuwa mji wa mahema. Reli mpya iliyotoka Voi ilikuwa imefika pale Januari 1916, ikishusha maelfu ya askari, farasi, nyumbu, mizinga, unga na nyasi kavu za mifugo. Kitu ambacho Mbuyuni haikuwa nacho ni maji. Yaliletwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura huko Taita, na yalipopungua yakaletwa kwa matangi ya treni. Maji yakawa kitu cha kupimiwa. Askari alipewa ya kunywa na kupikia; ya kuoga yalikuwa bahati. Injini nazo zilikuwa na zamu yake, maana baadhi ya ndege za kikosi, Henri Farman zilizokuja baadaye, zilikuwa na injini kubwa za kupozwa kwa maji.

Ndege za mwanzo zilikuwa BE2c. Ilikuwa ndege ya watu wawili, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Fremu yake ilikuwa ya mbao, ikavikwa kitani kilichopakwa vanishi maalumu ili kikazwe kama ngozi ya ngoma. Mtazamaji alikaa mbele, katikati ya waya na nguzo za mabawa, na rubani akakaa nyuma yake. Injini ilikuwa ya nguvu ya farasi 90, ikipozwa na upepo tu. Huko Ulaya upepo wa baridi uliitosha. Mbuyuni, saa sita mchana, upepo wenyewe ulikuwa wa moto.

Hilo ndilo lililopanga siku nzima ya kambi. Hewa ya joto ni nyepesi. Bawa halipati mahali pa kuegemea na injini haivuti vya kutosha. Jua likipanda, nyika hutoa mawimbi ya hewa inayoinuka na visulisuli vya vumbi jekundu vinavyozunguka uwanjani. Ndege nyepesi ikikutana na kisulisuli wakati inatua, huvunjika. Kwa hiyo kazi ya kuruka ilifanywa alfajiri, na mara nyingine jioni. Mafundi waliamka usiku bado mzito. Walifungua mahema makubwa ya turubai, wakaisukuma ndege nje, wakamimina petroli wakiichuja, kwa sababu chembe moja ya vumbi ingeweza kuziba njia ya mafuta juu ya pori lisilo na pa kutua. Mmoja alishika rafadha kwa mikono miwili na kuizungusha mpaka injini ikashika.

Rafadha ilikuwa na mambo yake. Ilitengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyobandikwa kwa gundi, na mbao zilizokaushwa katika nchi ya baridi ziliendelea kukauka Mbuyuni mpaka zikaachana. Mabawa yalilegea au kukaza kupita kiasi, na waya za kuyashikilia zikahitaji kupimwa upya kila mara. Fundi aliyesomea kazi hiyo Uingereza alilazimika kuisoma upya hapa, akiwa ndani ya kaptura, kofia ngumu ya jua kichwani, mikono imejaa oili na vumbi lililoshikana nayo. Wenye Farman walipata nafuu kiasi, kwa kuwa fremu yake ilikuwa ya chuma.

Ndege ikirudi, mtazamaji alikwenda moja kwa moja hemani kwa maofisa wa upelelezi kueleza alichokiona: moshi, vumbi la msafara, handaki jipya, treni kwenye kituo fulani. Kwa askari waliokuwa mbali mbele, habari ziliangushwa kwenye kifuko chenye uzito, kilichofungiwa utepe mrefu wa rangi ili kionekane majanini. Ramani walizokuwa nazo Waingereza za Upare na bonde la Ruvu zilikuwa duni, na picha na michoro ya watazamaji ilizirekebisha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanywa na kikosi. Mabomu yake yalikuwa madogo na mara nyingi yaliangukia kichakani.

Mtazamaji mmoja, Leo Walmsley, kijana wa Yorkshire ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya, aliandika kitabu kuhusu miaka yake katika kikosi, kikachapishwa mwaka 1920. Mtu mwingine wa kikosi aliyejulikana alikuwa W. D. M. Bell, yule mwindaji wa tembo aliyeitwa Karamojo Bell. Alikuwa ametembea kwa miguu sehemu kubwa ya Uganda kabla ya vita, na sasa akawa rubani. Inasimuliwa kwamba alipenda kuruka peke yake bila mtazamaji, akiwa na bunduki yake ya kuwindia, apate kupiga risasi bila kichwa cha mtu mbele yake.

Wanyama walikuwa sehemu ya kambi, upende usipende. Twiga walikata waya za simu kwa shingo zao mpaka nguzo zikarefushwa. Vifaru walitawanya doria za pande zote mbili. Simba walinguruma karibu na zizi la nyumbu usiku. Rubani ambaye injini yake ilizimika juu ya nyika hakuwaza askari wa Kijerumani peke yao. Aliwaza pia kiu, kwa sababu kutoka mahali alipoanguka hadi maji ya karibu inaweza kuwa mwendo wa siku nzima au zaidi.

Lakini aliyeua zaidi ni mdogo kuliko hao wote. Mbu walileta malaria, maji machafu yakaleta kuhara damu, na mbung'o wakamaliza farasi na nyumbu kwa maelfu katika bonde la Ruvu na Pangani. Kwinini ilitolewa kila siku, na askari walipanga mstari kuinywa mbele ya ofisa ili asiwepo wa kuitema. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu, siku baada ya siku. Funza waliingia vidoleni, na hapo Mzungu aliyejua kila kitu kuhusu injini alikaa chini na kumpa mguu Mwafrika aliyejua kuwatoa kwa pini bila kupasua kifuko cha mayai. Jenerali Smuts, aliyefika Februari 1916 kuongoza vita, alilazimika kuwarudisha kwao Waafrika Kusini kati ya 12,000 na 15,000 kabla mwaka huo haujaisha vizuri, wengi wao wakiwa wamevunjwa na maradhi.

Mbuyuni ilipata kipigo chake cha kwanza tarehe 12 Februari 1916 kwenye kilima cha Salaita. Upelelezi ulikuwa umeripoti kwamba juu ya kilima kuna Wajerumani wasiozidi 300. Walikuwa 1,300 hivi, na mahandaki yao hayakuwa juu bali chini, yamefichwa kwa vichaka. Waafrika Kusini walirudishwa wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 130, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba jicho la angani linadanganywa na miiba. Askari wa Kiafrika wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, walijifunza haraka: wakisikia mngurumo walisimama kimya chini ya migunga, hawakuwasha moto mchana, na misafara yao mikubwa ilitembea usiku.

Mwezi uliofuata mambo yaligeuka. Salaita iliachwa, vilima vya Latema na Reata vikapiganiwa usiku kucha, Moshi ikachukuliwa, na tarehe 21 Machi ikawa zamu ya Kahe, ambako Wajerumani walilipua mmoja wa mizinga ya Königsberg walioukokota kutoka Rufiji. Kisha mvua za masika zikaanguka na vita vikasimama. Uwanja wa Mbuyuni uligeuka tope.

Mwezi Mei mvua zilipopungua, Smuts alifuata milima. Safu ya Jenerali Hannyngton ilikwenda na reli. Nyingine, ya Jenerali Sheppard, ilifuata ukingo wa mto. Ya tatu, ya Keya, ilitoka Mbuyuni yenyewe, ikavuka nyika na kuingia pengo la Ngulu, kati ya Upare ya kaskazini na ya kati. Meja Kraut, aliyeongoza Wajerumani huku, alikuwa ametengeneza ngome Lembeni, pale reli inapopinda na kuukaribia mlima. Alipoona atazungukwa kutoka Ngulu, aliiacha bila kupigana sana. Same ikafikiwa, kisha Mikocheni, na Bwiko kabla ya Mei kuisha: zaidi ya kilomita 200 kwa siku kumi hivi.

Ndege zilitangulia mbele ya safu hizo, na hapo ndipo uzito wa kazi ya ardhini ulipoonekana. Uwanja wa ndege uliacha kuwa mahali pamoja, ulihama. Kikosi kiliweka viwanja vya muda kando ya mto, pamoja na Lassiti, na baadaye Mbagui. Kila kimoja kilianza na watu wenye mapanga na majembe. Walifyeka miiba, wakang'oa visiki, wakafukia mashimo ya wahanga na kusawazisha vichuguu, maana kichuguu kimoja kilitosha kuvunja magurudumu. Walijenga mabanda ya miti na nyasi ya kukinga ndege na jua. Siku chache baadaye jeshi lilisonga, na kazi ikaanza upya kwingine.

Petroli ilisafiri kwa madebe. Debe moja lilichukua galoni nne, lita 18 hivi, na madebe mawili yalifungwa katika sanduku moja la mbao. Yalitoka Mombasa kwa treni mpaka mwisho wa reli, yakapakiwa kwenye malori au mikokoteni ya ng'ombe, na pale malori yaliposhindwa na nyumbu kufa, yakapanda vichwani mwa watu. Debe tupu halikutupwa. Lilichotewa maji, likapikiwa uji, likapasuliwa na kunyooshwa kuwa bati la kuezekea au sahani. Kwa miaka mingi baada ya vita lilibaki kipimo cha mahindi sokoni, Same kama Mombasa.

Nyuma ya safu ya Hannyngton, makampuni ya reli ya Wahindi yalitengeneza yale yaliyobomolewa. Walirudisha vyuma juu ya mataruma, wakajenga upya madaraja kwa magogo, na hatua kwa hatua treni ikafuata jeshi kando ya Upare. Ilikuwa kazi ya jua kali, bila kivuli, na ndiyo iliyozuia jeshi zima lisife njaa kati ya Kahe na Bwiko.

Wapagazi waliandikishwa chini ya idara ya kijeshi iliyoongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa serikali ya Nairobi. Walitoka Nyanza, Ukamba, Ukikuyu, pwani, na kadiri jeshi lilivyosonga, walichukuliwa pia kutoka nchi zilizotekwa. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi. Mshahara, kwa wengi wao, ulishuka hadi rupia 5 kwa mwezi. Posho ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa ovyo na kupikwa nusu kwa kukosa muda na sufuria. Mtu aliyezoea wali au ndizi tumbo lake halikuuweza, na kuhara kukamaliza watu ambao hawajawahi kuona adui. Hapo pana jambo la kuchukiza ambalo haliwezi kuelezwa kwa upole: madaktari waliliona mapema, wakaliandika, na watu wakaendelea kufa kwa chakula walichopewa na jeshi lao wenyewe. Kwa upande wa Uingereza vifo vya wapagazi katika vita hivi vinakadiriwa kufika karibu laki moja, na baadhi ya wanahistoria huzidisha hapo. Wajerumani nao waliwachukua watu wa vijijini kwa nguvu, wakala akiba zao za chakula walipokuwa wakirudi nyuma; vijiji vya njiani vililipa mara mbili.

Baada ya Upare kikosi kilishuka kusini na jeshi: Msiha, Dakawa, na Morogoro baada ya mji huo kutekwa mwishoni mwa Agosti 1916, kisha bonde la Rufiji na Kilwa. Kadiri kilivyokwenda mbali na reli ndivyo ndege zilivyopungua, nyingine zikingoja kipuri kimoja kwa majuma. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku, msaada kwa njia ya anga, kwa puto kubwa la injini liitwalo L59 lililoondoka Jamboli, Bulgaria. Lilifika Sudan, magharibi ya Khartoum, likaitwa lirudi. Lilikaa angani saa 95. Laiti lingefika, lingekuta maadui wake wa angani wakijiandaa kufunga mizigo.

Mapema mwaka 1918 Kikosi cha 26 kiliondoka kurudi Uingereza, na tarehe 8 Julai mwaka huo kikavunjwa. Kiliundwa tena Oktoba 1927. Nembo yake ikawa na kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na wito wake ukaandikwa kwa Kiafrikana, ukimaanisha mlinzi aliye angani. Marubani na mafundi waliokufa huku wana makaburi yenye majina yao.

Wapagazi hawakupata hata hilo. Watkins aliwaandikisha kwa namba na kuwapa vibati vya kuvaa, kwa hiyo majina yalikuwapo katika madaftari. Nairobi ilipojengewa sanamu za kumbukumbu mwaka 1928, mpagazi alisimamishwa pamoja na askari, bila jina. Mishahara ya waliokufa bila warithi kupatikana ilidaiwa na maofisa wa Kenya na Tanganyika kwa miaka mingi, na mpaka miaka ya 1930 London haikukubali kuitoa. Ni Aprili 2021 ambapo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa vita hivi, huenda hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Januari 2025 ilifunguliwa Cape Town kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliotumikia vita hivyo katika kazi zisizo za bunduki, wakiwamo waliofia Afrika Mashariki. Madaftari ya Watkins yana majina mengi zaidi ya hayo, na familia za Taita, Taveta, Ugweno na Same bado zinawataja babu waliochukuliwa wasirudi. Majina ya pande hizo mbili yanaweza kulinganishwa leo, wakati wapo wazee wanaoyakumbuka.